Figo Nililomwahidi Jovithe

Mutakura, Bujumbura, 3 Februari 2025

Djibril rafiki yangu,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu ambaye angepanda baiskeli akafika kwako Buyenzi kabla chai haijapoa. Jambo hili nimejaribu kulisema kwa mdomo mara mbili. Nilikuja mpaka mlango wa kliniki yenu, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za watoto. Karatasi haina macho ya kunitazama.

Unamjua mdogo wangu Jovithe. Mafigo yake yamekufa, yote mawili. Yuko Dar es Salaam na mkewe Annick, anasafishwa damu kwa mashine, anangoja mtu wa kumpa figo. Kabla hajaondoka, mwezi wa kumi na mbili, familia ilikutana kwa Shangazi Caritas kule Carama kumuaga. Unaijua kazi yangu kwenye mikutano hiyo. Mimi nakodisha viti vya sherehe na misiba, na kwa kuwa viti ni vyangu, watu wanadhani na hotuba ni yangu.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno machache ya kumtia moyo mgonjwa, nikae. Lakini unanijua, hotuba ikininogea sijui breki iko wapi. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Mtu mvivu kama mimi, mafigo mawili ya kazi gani? Moja ni la Jovithe." Djibril, nilitaka wacheke. Hakuna aliyecheka. Shangazi akasimama, akatoa mrija wake kwenye chungu cha bia ya mtama, akanishikisha mkononi mbele ya wote. Kwetu hiyo ndiyo sahihi. Nikanywa.

Sasa naogopa. Nina miaka hamsini na mitatu. Mwaka juzi nilipokwenda kung'olewa jino nilizimia daktari akiwa bado anavaa glavu. Na hawa wanataka kunipasua ubavu.

Jumatatu ijayo naletwa kwako kwa kipimo cha eko, ile picha ya ndani ya tumbo. Wewe ndiye unayeshika ile mashine. Nitafutie kitu. Doa, jiwe, uvimbe wa adabu, chochote kisichoua lakini kinachozuia. Sitakuomba tena kitu kingine mpaka tuzikane.

Rafiki yako wa tangu darasa la kwanza,
Zénon


Buyenzi, 5 Februari 2025

Zénon,

Umeniandikia, nami nakuandikia, ili siku ya kuulizwa kila mtu awe na karatasi yake.

Sitafanya. Mashine yangu haidanganyi, na mimi nimekaa nayo miaka ishirini na miwili nikiitafsiria watu. Nikikukuta mzima nitaandika mzima. Kama unataka kukataa, kataa kwa mdomo uleule uliosemea. Una mdomo mmoja tu, na huo hauna matatizo.

Jumatatu saa mbili asubuhi. Usile. Kunywa maji mengi na usikojoe. Tumbo lako litanipa kazi, nimeanza kujiandaa tangu leo.

Djibril


Mutakura, 12 Februari 2025

Djibril, mwongo wangu mtakatifu,

Nimekuja kliniki kukushukuru nikaambiwa umekwenda Rumonge, baba mkwe amefariki. Poleni sana. Naiacha barua hii kwa mwenzako wa mapokezi. Nimeifunga vizuri kwa gundi, uso wake unapenda kujua mambo.

Kwanza nikuombe radhi. Niliposoma "sitafanya" nilikuona mtu mgumu. Kumbe ulikuwa unajiwekea karatasi safi. Halafu ile Jumatatu! Ulinyamaza. Ukanibonyeza kushoto, ukanibonyeza kulia, ukarudi katikati juu ya kitovu ukakaa hapo mpaka jeli ikakauka. Ukamwita daktari, naye akaja, mkapinda shingo wote wawili kama watu wanaosoma tangazo lililobandikwa kichwa chini. Karibu niwapigie makofi.

Na karatasi mliyoniandikia! "Mafigo mawili yameungana kwa chini, mbele ya uti wa mgongo, umbo la kiatu cha farasi. Afanyiwe skaneri kuthibitisha." Mimi nilitarajia jiwe dogo. Wewe umeniletea farasi. Umezidisha, ndugu yangu, lakini nani ataweza kubisha kitu asichokijua?

Kwa nini basi usiku silali sawasawa? Labda ni yale maji.

Zénon


Mutakura, 14 Februari 2025

Mdogo wangu Jovithe,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako iko kwa Annick, naye huweka spika na nyumba nzima inasikia. Barua hii inakuja na konvoyeri, yule kondakta wa basi, kama mafuta yatapatikana. Hapa magari yanalala kwenye foleni ya pampu, watu tunatembea. Nimepungua, hutanijua.

Nina habari mbaya, na sijui niianzie wapi, mimi ambaye huwa sijui niimalizie wapi. Nimepimwa. Mafigo yangu yameungana. Ndivyo yalivyo tangu kuzaliwa, kama kiatu cha farasi, na wanasema hayawezi kutenganishwa. Karatasi ya kliniki nimeiweka humu ndani. Nimeumia sana, Jovithe. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua ni lipi nikupe.

Usife moyo. Mtu mwingine atapatikana. Msalimie Annick.

Kaka yako,
Zénon


Dar es Salaam, 27 Februari 2025

Kaka Zénon,

Barua imefika ikiwa na harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, sijui konvoyeri aliibeba wapi. Niliinusa kabla sijaisoma.

Karatasi yako nimempelekea daktari wa hapa. Akachukua kisanduku cha glavu, akanichorea juu yake jinsi yalivyokaa. Anasema katika watu mia tano hivi mmoja huzaliwa hivyo, na wengi huzeeka wakafa bila kujua. Fikiria, miaka yote hiyo unatembea na ajabu tumboni, na sisi tukidhani kilichokuzidi ni mdomo.

Unaniuliza kila mara maisha hapa yakoje, nami kila mara kwenye simu nasema mazuri kwa sababu Annick amesimama pale. Leo nakwambia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nafungwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne kila mara. Kuna dirisha moja, linatazamana na ukuta wa jengo lingine. Ukuta huo naujua kuliko uso wangu. Kwa siku naruhusiwa vikombe viwili na nusu vya maji, mchuzi ukiwemo, na joto la hapa unalisikia. Juzi nilikuwa naoga nikajikuta nimefungua mdomo chini ya bomba. Annick alisikia nimenyamaza, akagonga mlango. Siwezi kwenda mahali ambapo siwezi kurudi kabla ya siku ya mashine. Kamba yangu ina urefu wa siku mbili, Kaka. Nikiivuta zaidi naanza kuvimba.

Sikwambii haya ili uumie. Nakwambia ili ujue kwamba sina kinyongo na wewe. Siku ile kwa Shangazi nilikuwa nimekaa karibu yako, nikauona uso wako uliposhika mrija. Nilijua umeteleza. Ningeweza kucheka, watu wote wangecheka, na ungetoka. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka figo. Kwa hiyo usiombe msamaha, tuko sawa.

Daktari anauliza kama kuna mwingine katika familia. Nimemwambia ulishasema wewe, na kwetu mambo yakishasemwa hivyo hayaulizwi upya. Hakunielewa.

Mdogo wako,
Jovithe


Mutakura, 8 Machi 2025

Jovithe,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya kiti changu mwenyewe cha plastiki, kikavunjika mguu. Nimeona ni haki.

Hakuna farasi.

Nilimwandikia Djibril nikamwomba anitafutie ugonjwa wa kuniokoa. Alikataa kwa karatasi, kisha akafanya kwa moyo. Mafigo yangu ni mazima, kila moja limekaa upande wake kama la mtu yeyote. Wewe huko unakunywa maji kwa vikombe na unaniomba nisiumie, na mimi hapa nimekudanganya kwa karatasi yenye muhuri. Umeninyamazia mara moja, kwa shida yako. Mimi nimekudanganya kwa kuogopa sindano.

Nakuja. Hospitali yenu inataka picha za skaneri. Nitapigwa Jumatano hii, sio kwa Djibril, kwingine kabisa, ambako hakuna anayenijua wala kunipenda. Mwambie daktari aweke tarehe. Nikizimia wanikate nikiwa nimezimia, itawapunguzia kazi.

Usimwambie Annick yale mengine. Mwambie tu kwamba kipimo cha kwanza kilikosewa.

Zénon


Buyenzi, 17 Machi 2025

Zénon, mjinga wangu mpendwa,

Nimerudi kutoka Rumonge juzi. Msiba uliingia kwenye mambo ya mirathi, mirathi ikaingia kwenye mwezi wa tatu. Barua yako ya tarehe 12 nimeikuta chini ya kibodi. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Nilikwambia sitadanganya. Ulisoma kwa macho yako. Halafu ukakaa ukaamua kwamba rafiki mzuri ni yule asiyetimiza alichosema. Ningekuwa na nafasi ningekasirika, lakini leo asubuhi zimefika hapa picha zako za skaneri ulizopigwa kule kwingine, wamezileta kwa sababu faili yako iko kwetu. Kwa hiyo nikuandikie lililo muhimu.

Ni kweli. Ilikuwa kweli tangu ile Jumatatu. Mafigo ya mtoto tumboni huanzia chini, karibu na nyonga, kisha hupanda polepole kila moja upande wake mpaka chini ya mbavu. Ya kwako yaligusana mapema, yakashikana miguu, yakapanda pamoja. Mbele yake kuna mshipa wa damu unaotoka kwenye mshipa mkubwa. Mawili yaliyoachana hupita kando yake. Yako yalikwama chini ya mshipa huo, na hapo yapo tangu kabla hujazaliwa. Mirija inayopeleka mkojo kwenye kibofu, kwa wengine hushuka nyuma bila shida. Yako inapanda juu ya hilo daraja ndipo ishuke. Na damu inaingia kwa mishipa sita niliyoihesabu mimi, huenda kuna wa saba. Hakuna mpasuaji mwenye akili atakayekata hapo kwa ajili ya kumpa mtu mwingine. Akikata amewaharibu wawili.

Wewe mwenyewe huna ugonjwa. Kunywa maji, usipigwe tumboni, pima mkojo kila mwaka. Ila figo la kutoa huna.

Nilipoambiwa ulikuja kliniki kunishukuru, nilidhani ni kwa kukueleza ukweli. Hukumwandikia Jovithe upuuzi wowote, natumaini.

Djibril


Dar es Salaam, 20 Machi 2025

Kaka Zénon,

Nimekaa na barua yako siku nne. Siku ya kwanza nilikutukana kwa Kirundi. Ya pili kwa Kiswahili. Ya tatu ilikuwa ya mashine, sikuwa na nguvu ya lugha yoyote. Ya nne niliamka nikajikuta nafurahi, na furaha hiyo ilinikasirisha upya kwa sababu ni wewe uliyenipa.

Ulinidanganya. Sawa. Halafu ukaniambia mwenyewe kabla sijakukamata. Katika familia yetu sijui nani mwingine amewahi.

Tarehe imewekwa: 12 Mei. Annick nimemwambia kipimo kilikosewa, kama ulivyosema. Ameimba jikoni tangu asubuhi mpaka majirani wakauliza kama tuna harusi. Mimi nimeanza kupanga nitakunywa nini kwanza. Nimepitia bia zote, nimepitia Fanta, nimeishia kwenye maji ya bomba la kwenu Mutakura, pamoja na mchanga wake, kopo zima, bila mtu kuhesabu.

Njoo, Kaka. Safari hii nitakucheka mapema.

Jovithe


Gatumba, 31 Machi 2025

Kaka Zénon,

Ni mimi Mathilde, dada yenu mdogo, yule mnayemkumbuka mkihitaji ndagala za msiba. Hapa Gatumba maji hayajaingia ndani mwaka huu, ukuta bado una mistari ya mafuriko ya miaka ile, tunaishi.

Annick alinipigia akilia kwa furaha kwamba utakatwa tarehe 12 mwezi wa tano. Nikafurahi. Kisha jana mteja wangu wa Mutakura ananiambia umepokea oda ya viti vya harusi ya tarehe 10 mwezi huohuo, na msemaji ni wewe. Kaka, mtu anayelazwa Dar tarehe 12 hasemi harusi Bujumbura tarehe 10. Na wanasema una wiki mbili hutaniani na mtu, umekaa tu katikati ya viti vyako. Kwa hiyo kuna kitu.

Sikulaumu. Ila nitakwambia jambo ambalo analijua mume wangu peke yake. Siku ile ya Carama nilitoka hapa na neno langu tayari. Damu yangu ni O kama ya Jovithe, naijua tangu nilipomzaa Loïc. Mume wangu alikuwa amekubali, tulibishana wiki mbili na nikashinda. Nikakaa nikingoja wakubwa wamalize. Ukasimama wewe, ukasema, ukanywa. Langu nikalimeza. Kwetu mkubwa akishanywa juu ya neno, mdogo akilisema hilohilo anamvua nguo mbele za watu. Na mdogo mwenyewe awe mwanamke aliyeolewa, ndiyo kabisa.

Tangu siku hiyo neno lako limekaa mlangoni kama mtu mnene, haingii ndani wala hatoki nje, na mimi niko nyuma yake na figo langu. Ingia au toka. Lakini amua, Jovithe hana miezi ya kukungoja.

Mathilde


Mutakura, 14 Aprili 2025

Jovithe,

Nilikuandikia barua nne nikazichana. Hii ni ya tano. Humu ndani kuna picha za skaneri, kubwa, konvoyeri ameapa hatazikunja. Usizitazame kwanza. Soma.

Mafigo yangu yameungana kweli. Djibril hakudanganya hata siku moja. Niliomba uongo, nikapewa ukweli, nikadhani ndio ule uongo wangu umefika, nikakuletea. Kisha dhamiri ikanishika nikakuungamia dhambi ambayo haikuwepo, nikakuachia tumaini ambalo halikuwepo. Skaneri ilipotoka, barua yako ya kunitajia tarehe 12 Mei ikanikuta. Nikakaa katikati ya hizo karatasi mbili kama wiki mbili hivi. Nilikuwa nimeutumia ukweli mara ya kwanza kama uongo. Mara ya pili nikuletee kwa mdomo gani? Hata mimi nisingejiamini. Nilianza kutamani wanikate tu, wagundue wakishafungua, ili angalau nionekane nililala pale kitandani. Unaona akili ya mtu inavyofika.

Ni Mathilde aliyenitoa. Kumbe yeye alikuja Carama na figo lake siku ileile, nami nikamkalia juu. Miezi minne, Jovithe. Niliposoma barua yake nilielewa kwamba woga wangu haukuwa dhambi kubwa. Dhambi kubwa ilikuwa kukaa kimya na neno langu likiwa bado limesimama.

Jana baada ya misa ya Matawi nikawaita wote kwa Shangazi Caritas. Bia nilinunua mimi, chungu kizima, kwa sababu anayerudisha neno ndiye anayeleta. Viti nilipanga mwenyewe. Nikasimama. Hakuna aliyeshika mrija, walishajua kuna jambo. Nikaeleza mafigo, nikaeleza kiatu cha farasi, nikainua picha kwenye mwanga wa jua.

"Farasi?" Shangazi akasema. "We Zénon, mi nina miaka sabini na nane, farasi nimemwona kwenye kalenda tu. Wewe umemmeza wapi?"

Picha ikazunguka. Vainqueur, yule binamu yetu, akaigeuza mara mbili. "Hii ni suruali imeanikwa."

Binamu yetu mwingine, Bonfils, akasema, "Mi nilijua. Tangu siku ile mi nilijua."

"Apana, hukujua," mkewe akamwambia. "Ulikuwa umelala."

Watu wakacheka, na mimi nikahisi ile njaa yangu ya zamani, ya kuwachekesha tena kidogo mpaka wanipende na waniamini. Nilikuwa na utani tayari kwenye ulimi. Nikaona kwamba nikianza kumtetea farasi, giza litaingia tukiwa bado kwenye farasi, na wewe kesho yake Jumatatu uko kwenye mashine. Nikasema: "Haya. Mniamini au msiniamini. Mkitaka niiteni mwoga. Mwoga nilikuwa hata kabla ya picha, na Djibril wa Buyenzi ana barua yangu ya ushahidi. Neno nililolinywa hapa, nalirudisha hapa. Mlango uko wazi."

Huwa najua macho ya watu wanaosubiri sehemu ya kuchekesha. Haya hayakuwa hayo.

"Umekwisha?" Shangazi akauliza.

"Nimekwisha."

"Basi kaa."

Nikakaa. Nafikiri ni mara ya kwanza kwenye familia hii mtu kuniambia nikae na mimi nikakaa. Mathilde akasimama, bado ana kitenge cha kanisani. "Damu yangu ni O. Mume wangu anajua. Nitampa mimi." Akachukua mrija wake mwenyewe, hakungoja apewe, akanywa, akakaa.

Ndiyo hotuba yote.

Mambo mengine ni madogo. Harusi ya tarehe 10 wamempa Vainqueur aseme. Viti tu ndio wamechukua vyangu. Watoto wa Mutakura wananiita Farasi, na kuna mmoja anayeiga sauti ya farasi vizuri sana, sijui aliisikia wapi. Bonfils haniamini, hanisalimii. Wewe tu ndiye unayenikosesha usingizi. Najua ulikwisha kupanga kopo la maji. Ukiweza kuniamini, niamini. Usipoweza, sawa, ila mpokee Mathilde.

Zénon


Buyenzi, 23 Aprili 2025

Zénon,

Dada yako ameniomba nikuandikie, anasema yeye ana ndagala za kuanika.

Amepita. Ana mafigo mawili, yameachana, kila moja mahali pake, nimeyatazama mpaka akaniuliza kama nataka kuyanunua. Ila familia yenu haiwezi kuumbwa kama watu wengine: figo lake la kushoto linatoa mirija miwili badala ya mmoja. Yote miwili inashuka mpaka kibofuni na kufanya kazi vizuri. Daktari anasema si kikwazo, huko Dar huenda wakachagua la kulia, wao ndio wataamua. Nimeandika kila kitu. Safari hii naomba usinishukuru.

Ana hofu, usidhani hana. Alipovaa viatu aliniuliza kama watoto wake nao wapimwe kwa ajili ya hiyo mirija. Nikamwambia baadaye, bila haraka. Mpeleke wewe. Asipande basi lile peke yake.

Djibril


Dar es Salaam, 5 Mei 2025

Kaka Zénon,

Karatasi za Mathilde zimekubaliwa. Wanataka kumpima tena wenyewe, na mambo yakienda sawa ni tarehe 26. Wiki mbili zaidi. Nimemwambia Annick yote, tangu mwanzo, uongo na ukweli kwa zamu zake. Hakuimba. Alikaa, akasema, "Nyie watu wa familia hii mngekuwa mnaongea tu kama watu." Kisha akaenda kuomba kitanda cha jirani kwa ajili ya Mathilde.

Picha zako nilikaa nazo wiki moja bila kuzifungua. Nilikuwa nimeamua kutokuamini, Kaka, nikuambie ukweli. Ilikuwa rahisi zaidi. Mtu aliyeogopa kisu nilimwelewa na nilishamsamehe, nilishazoea kumsamehe. Ijumaa daktari alizibandika kwenye kioo chenye taa akaniita nikiwa bado na bandeji mkononi. Akaweka kidole pale yalipokutana, kisha kwenye mshipa unaoyazuia. Nikaangalia muda mrefu. Sikuona farasi. Niliona vitu viwili vilivyotaka kupanda, vikashikana, vikakwama, na vikaendelea kufanya kazi hapohapo vilipokwama.

Sasa nina msamaha ambao hauna kazi. Nimeufikiria, nimeona utautumia kwa ile barua uliyomwandikia Djibril. Unatosha, na utabaki kidogo.

Njoo na Mathilde. Hapa hakuna mtu wa kumsemesha akizinduka, Annick atakuwa upande wangu, na mimi sitaweza kugeuka. Ukae naye. Mwongeleshe ujinga wako wote, ataumia akicheka lakini mwongeleshe.

Basi likichelewa mkaingia siku ya mashine, msinitafute nyumbani. Ulizeni kitengo cha kusafisha damu, ghorofa ya pili, kitanda cha mwisho dirishani. Mtanikuta. Siendi popote.

Jovithe